Kupokelewa si kuhesabiwa: nilivyohama komyuniti koleji kwenda chuo binafsi Texas, na hesabu iliyonusurika kunitia shimoni

#1 — Mbeba Boksi wa Bissonnet

Wakuu, salaam.

Mwaka juzi niliuliza humu kama mtoto wa mama anayelea wazee usiku anaweza kusoma chuo binafsi Marekani bila kuuza figo. Nikajibiwa na watu wawili, mmoja akanicheka. Leo nimerudi na majibu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke hadi kwenye tarakimu.

Tuliingia Houston kwa bahati nasibu ya viza: mama, mimi na mdogo wangu. Nikaanza Houston Community College (HCC), komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili; jioni darasani, usiku ghalani nikipanga maboksi. Miaka miwili na nusu baadaye nilikuwa na krediti 66 na GPA ya 3.7. Shahada huku kwa kawaida ni krediti 120, kwa hiyo kichwani mwangu nilikuwa nimevuka nusu. Kumbe.

Kwanza tuelewane. Nikisema chuo binafsi sisemei vile vya wafanyabiashara wanaogawana faida. Nasemea vile visivyo vya faida: vya makanisa, vya wakfu, vyenye bodi ya wadhamini. Rice ni hivyo, Baylor ni hivyo, na vijichuo vidogo msivyovijua pia ni hivyo. Bei yao ya mabangoni inatisha. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 wastani wa ada nchi nzima kwa vyuo hivi ulikuwa dola 43,350, wakati chuo cha umma kwa mkazi wa jimbo kilikuwa dola 11,610. Ila bei ile ni kama ya kanga Kariakoo, ya kuanzia mazungumzo. Anayeingia mwaka wa kwanza kwa wastani hupunguziwa zaidi ya nusu ya ada.

Hapo ndipo tunapojidanganya sisi tunaohama chuo. Punguzo kubwa wanawawekea wanaotoka sekondari. Anayehamia ana mfuko wake, mara nyingi mdogo. Hata kile kikokotoo cha gharama (si kile cha wastaafu, tulieni) ambacho kila chuo kinatakiwa kukiweka kwenye tovuti tangu 2011, kimetengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilijaza vikokotoo saba usiku mmoja nikalala nimefurahi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kinanizungumzia mimi.

Niliomba vyuo vitano, viwili vikanipa barua za maana. Majina nayahifadhi.

Chuo A: ada 46,000. Skolashipu ya wanaohamia 20,000, ruzuku ya chuo 8,000, Pell 7,395, TEG 3,000. Pengo: 7,605 kwa mwaka. Naishi kwa mama, chakula ni kile kile cha nyumbani.

Chuo B: ada 52,000. Skolashipu na ruzuku pamoja 26,500, Pell na TEG zile zile. Pengo: 15,105 kwa mwaka.

Kwa wasiojua, Pell ni ruzuku ya serikali kuu, hairudishwi, na 7,395 ndiyo ya juu kabisa kwa mwaka. TEG ni ya jimbo la Texas, mahsusi kwa wakazi wenye uhitaji wanaosoma vyuo binafsi visivyo vya faida ndani ya jimbo. Wengi hawajui kwamba ipo. Zote unazifikia kwa kujaza FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo.

Nani angechagua B hapo? Mama aliiweka barua ya A kwenye status ya WhatsApp kabla sijamaliza kuisoma. Shangazi wa Tanga akapiga kigelegele cha sauti, dakika nzima. Kikawa kimebaki kianzio cha kushika nafasi, dola 400 tu.

Naendelea jioni, zamu inaanza.

#2 — Mlugaluga

Nimeshika siti ya mbele. Usituache kama wale wa "itaendelea" ya 2014.

#3 — Kitwana Mkorofi

Mkuu, swali la kijinga. Chuo cha umma kipo hapo hapo mjini, ada karibu robo. Pell ingemeza sehemu kubwa. Binafsi unafuata nini, fulana yenye nembo?

#4 — Mbeba Boksi wa Bissonnet

@Kitwana si la kijinga, ndilo la kwanza kujiuliza. Cha umma kilinipokea. Nasomea uhasibu, na kule masomo mawili ya mwaka wa tatu niliyoyahitaji yalikuwa mchana tu, saa ambazo mimi nalala. Chuo kidogo kilikuwa na madarasa ya jioni na kazi ya ofisini pale pale chuoni, nikaacha maboksi. Usipokuwa na sababu ya namna hiyo, nenda cha umma na usione aibu.

Sasa tuendelee. Siku mbili kabla ya kulipa kianzio cha A, nilikaa na mshauri wa masomo wa HCC, mama mmoja mtu mzima asiyecheka. Akaniuliza: "Krediti zako ngapi wamezihesabu?" Nikajibu kwa kujiamini: wamepokea 63 kati ya 66. Akarudia polepole: "Sijauliza wamepokea ngapi. Wamehesabu ngapi kwenye shahada ya uhasibu?"

Sikujua kama hayo ni mambo mawili.

Iko hivi. Texas ina masomo ya msingi, krediti 42: uandishi, hisabati, historia, siasa na kadhalika. Ukiyamaliza kwenye komyuniti koleji, chuo cha umma cha jimbo hili kinalazimika kuyachukua kama furushi moja. Chuo binafsi hakilazimiki. Kinaweza kufungua furushi, kikachagua nyanya nzuri na zilizobaki kikazitupa kwenye kapu la "masomo ya hiari". Krediti inaonekana kwenye transkripti, inapendeza, lakini haizibi pengo lolote kwenye orodha ya masomo ya shahada.

Nikaandika barua pepe A kuomba mchanganuo. Majibu: zilizopokelewa 63, zilizohesabiwa 39.

Thelathini na tisa, wakuu. Zimebaki 81. Kwa 15 kila muhula hiyo ni mihula sita isiyojaa, yaani miaka mitatu badala ya miwili. Na skolashipu ile ya 20,000 ilikuwa na kamstari chini: mihula minne tu.

Shikeni kalamu:

A, mwaka wa kwanza na wa pili: 7,605 mara mbili = 15,210. Mwaka wa tatu, skolashipu imeondoka: 27,605. Jumla 42,815.

B walihesabu krediti 60 zangu. Miaka miwili: 15,105 mara mbili = 30,210. Basi.

Chuo kilichoonekana ghali mara mbili ndicho kilichokuwa rahisi kwa dola elfu kumi na mbili na ushee, na hapo sijaweka mwaka mzima wa mshahara ambao ningeupoteza. Mama ilibidi afute status.

Wala si mimi peke yangu niliyeponea hapo. GAO, wakaguzi wa serikali kuu, waliandika 2017 kwamba wanafunzi wanaohama hupoteza kwa makadirio asilimia 43 ya krediti zao. Mimi kwa A ningekuwa karibu kabisa na wastani.

#5 — Fundi Hesabu

Hesabu iko sawa ila umesahau vitu viwili. Ada hupanda karibu kila mwaka, skolashipu mara nyingi hubaki pale pale. Na pengo la 15,105 umelizibaje? Hewa?

#6 — Mbeba Boksi wa Bissonnet

@Fundi kweli, ada ya mwaka wa pili ilipanda na iliniuma. Pengo: mkopo wa serikali kuu 7,500 kwa mwaka, ndio ukomo wa mwaka wa tatu na wa nne kwa anayehesabiwa chini ya mzazi. Zilizobaki 7,605 ni kazi ya chuoni, akiba ya ghalani, na malipo ya kila mwezi ambayo ofisi ya fedha inapanga bila riba. Nadaiwa 15,000 leo. Si haba, lakini nalala.

Mkiona barua imeandika "msaada" dola elfu hamsini, chukueni kalamu nyekundu mkate mikopo yote. Wanaijumlisha humo humo na ruzuku kana kwamba ni ndugu.

#7 — Nyar Lowell

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania, Mkenya hapa naomba kuchangia. Niko Lowell, Massachusetts, tumejaa hapa kama Thika. Wanawake mliopita umri wa kawaida wa chuo, sikieni. Jimbo letu limefanya komyuniti koleji kuwa bila ada tangu 2024 kwa yeyote asiye na shahada. Ukitoka hapo, kuna vyuo viwili vya wanawake magharibi mwa jimbo ambavyo vina mlango wetu kabisa: Smith kuna mpango wa Ada Comstock (Ada hapa ni jina la mtu, si karo), tangu 1975, na Mount Holyoke kuna Frances Perkins. Vyote viwili vinajaza uhitaji wako wote kadiri wanavyoukokotoa, na Smith waliondoa mikopo kwenye vifurushi vyao 2022.

Mimi nilikuwa na miaka 31, watoto wawili, na GPA nzuri. Nilidhani vile ni vyuo vya mabinti wa matajiri. Kumbe bei ya juu kabisa ndiyo ilikuja kuwa ya chini kuliko zote nilizopewa, chuo cha umma kikiwemo.

Lakini huko watakudai fomu nyingine juu ya FAFSA, inaitwa CSS Profile. Hiyo inachungulia mpaka chini ya kitanda: thamani ya nyumba, biashara, na mara nyingine baba ambaye hujamwona tangu Moi atoke madarakani. Ukiwa na miaka 24 au una watoto unaowalisha, FAFSA haimtaki mzazi tena. CSS kila chuo kina masharti yake, pigeni simu muulize.

#8 — Mlugaluga

"Mpaka chini ya kitanda" 😂😂 Dada karibu sana jukwaani.

#9 — Mwana wa Fizi

Bonjour wandugu. Mimi ni Mkongomani, niko Lexington, Kentucky, na huku tuko wengi. Nani anajua Berea? Ni chuo kiko kusini yetu, chini ya saa moja na gari. Kilianzishwa 1855 na hakitozi ada kwa mwanafunzi yeyote tangu 1892. Kila mtu anafanya kazi pale chuoni, si chini ya masaa kumi kwa wiki: jikoni, shambani, kufuma, kutengeneza fagio. Mdogo wangu iko pale. Shida moja: wanachukua watu wenye kipato kidogo tu, na nafasi za wanaohama ni kidogo. Na kama ulishazoea mshahara wa kiwanda, yale malipo ya kazi ya chuo utacheka. Lakini deni nalo ni dogo.

#10 — Kidato cha Sita 2025

Wakuu shikamooni. Mimi niko Mbagala, nimemaliza PCB. Kwani huko hakuna bodi ya mikopo? Boom hawatoi? Naweza kuja kuanzia komyuniti koleji halafu nihamie kama kaka Boksi?

#11 — Mbeba Boksi wa Bissonnet

Marahaba mdogo wangu. Niwe mkweli hata kama itakuuma. Mimi nilikuja na ukaazi, kwa hiyo serikali yao inanihesabu kwenye Pell na mikopo. Wewe ukija kwa viza ya masomo hupati Pell, hupati mkopo wa serikali, na kabla ya viza unatakiwa uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza. Kazi ni ya chuoni, masaa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Ada ya komyuniti koleji kwa mgeni nayo si ile ya mkazi. Njia ya kwetu si njia yako.

Ya kwako ni kuomba moja kwa moja mwaka wa kwanza kwenye vyuo binafsi vyenye pesa ya wageni, hata Berea aliyoitaja Mwana wa Fizi huchukua wachache kutoka nje. Ushindani ni mkali. Usiache kuomba na vya nyumbani, na boom halina aibu.

Kuhusu nyumbani, nilipomwambia baba kwa simu kwamba nimeomba TCU, alishangaa: "Sasa Tume ya Vyuo Vikuu nayo imeanza kufundisha?" Ilinichukua robo saa kumweleza kwamba ni Texas Christian University, iko Fort Worth. Mpaka leo akiwaambia watu anasema mwanangu aliomba kwa Tume.

#12 — Sister P wa Arlington

Muuguzi hapa. Niwaongezee la sayansi. Wengi mnakuja na Anatomia na Mikrobiolojia mlizosoma miaka saba iliyopita, kisha mkalea watoto, kisha mnataka kumalizia shahada. Programu nyingi za uuguzi zina ukomo wa miaka kwa masomo ya sayansi, kwingine mitano. Krediti haziozi kwenye transkripti, zinaozea mlangoni kwao. Nilirudia Anatomia nikiwa na mimba ya miezi saba, maabara inanuka vile.

Halafu tuseme la wajomba. Acheni kuwaomba watu wawawekee sahihi mikopo ya benki. Ukishindwa kulipa, jina linaloharibika ni la anko, na ukoo unagawanyika makundi mawili harusini. Na mikopo ya wazazi, ile Parent PLUS, sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeiwekea kikomo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, 65,000 kwa jumla. Wengine wanalia. Mimi niliyemwona mama wa miaka 58 anafanya zamu mbili kulipia shahada ya mwanawe, silii.

#13 — Kitwana Mkorofi

Nimenyooka. Ila mbona hamjasema matapeli? Binamu yangu alisoma ITT, kikafungwa 2016 akiwa katikati. Corinthian kilishafungwa 2015. Krediti zake kila alikopeleka walimtazama kama ameleta noti ya zamani.

#14 — Mbeba Boksi wa Bissonnet

Pole kwa binamu. Vile vilikuwa vya faida, ndiyo maana nilianza na tofauti hiyo. Tovuti ya serikali ya College Scorecard inakuonyesha chuo ni cha aina gani, wanaomaliza ni wangapi, wanadaiwa kiasi gani. Lakini kutokuwa cha faida si wokovu. Chuo A nacho hakina faida, na kingenila mwaka mzima kwa tabasamu.

Nilichofanya kwa B, ambacho ningefanya tena: kabla ya kianzio niliomba mchanganuo kwa maandishi, somo kwa somo, lipi linaziba nini kwenye shahada ya uhasibu. Mara ya kwanza walinirudishia 51. Nikatuma silabasi za masomo matatu yaliyokwama, si maelezo ya mistari miwili ya kwenye kitabu cha kozi bali silabasi nzima yenye wiki, kitabu na mitihani, moja kwa moja kwa mkuu wa idara husika. Takwimu ikarudi, Uhasibu wa Pili ikarudi, Uchumi ikarudi. Tisa hizo, ikawa 60. Msajili hana mamlaka ya kusema Takwimu yako ni sawa na yao, mwenye mamlaka ni idara.

Halafu ulizeni na la upande wa pili: lazima usome krediti ngapi kwao? Rice, kwa mfano, wanataka si chini ya 60 zisomwe pale pale. Kwa hiyo kulundika krediti 80 komyuniti koleji kwa sababu ni rahisi kunaweza kuwa kujaza maji kwenye tenga. Vyuo vya makanisa navyo vina masomo yao, Baylor kila mtu anapita kwenye kozi mbili za dini, ya Maandiko na ya historia ya Ukristo. Rafiki yangu wa Pemba alipata alama ya A kwenye ile ya Maandiko akawapita walokole wote darasani, lakini hizo ni krediti sita ambazo hakuwa amezipigia hesabu.

Na wenye GPA nzuri, mkialikwa Phi Theta Kappa, chama cha wanafunzi wa komyuniti koleji wenye alama za juu, lipeni kile kiingilio. Vyuo vingi binafsi vina skolashipu ya wanachama wake. Mimi nilidhani utapeli, nikaifuta barua pepe mara mbili.

#15 — Binti Alief

Kaka Boksi, nimesoma uzi wote nikiwa kwenye basi natetemeka. Chuo kimenipa mpaka Ijumaa nilipe kianzio, mchanganuo hawajanipa. Wanasema hutolewa baada ya kujiandikisha. Nifanyeje?

#16 — Mbeba Boksi wa Bissonnet

Dada, andika leo, kwa heshima lakini kwa kunyooka. Waambie unataka kuja kwao, waambie huwezi kulipa bila kujua mihula iliyobaki, omba kianzio kisogezwe wiki moja. Nakili kwa aliyekudahili na ofisi ya misaada ya fedha pia. Na muulize huyo wa misaada swali moja tu: skolashipu ni ya mihula mingapi?

#17 — Sister P wa Arlington

Na kama mzazi amepunguziwa kazi mwaka huu, mwambie huyo huyo wa misaada. FAFSA inatazama kodi ya miaka miwili nyuma. Wana uwezo wa kurekebisha ukipeleka ushahidi, ila hawatakufuata nyumbani kukuuliza.

#18 — Binti Alief

Nimerudi. Wamesogeza mpaka Ijumaa ijayo, na mchanganuo wamenitumia jana usiku. Nilikuwa na 61, wamepokea 61, wamehesabu 50. Skolashipu mihula minne, "na inaweza kuongezwa". Kemia zote mbili na maabara zake wameziweka kwenye hiari, ndizo nane. Mwalimu wa Kemia amestaafu na silabasi sina.

#19 — Mbeba Boksi wa Bissonnet

"Inaweza kuongezwa" waambie waandike kwa masharti gani. Kuhusu silabasi, nenda ofisi ya idara ya Kemia pale HCC, usimtafute mwalimu. Taja muhula na namba ya darasa. Mimi walinichapishia ya miaka mitatu nyuma nikisubiri hapo hapo mlangoni. Nenda asubuhi, mchana wanafunga mapema.

#20 — Binti Alief

Niko kwenye foleni sasa hivi. Watu wawili mbele yangu.